Umepangiwa kubeba kikombe upande wa magharibi: ibada ya Graili hufanywaje, na huharibikia wapi

Swali: Naishi Bristol. Wenzangu wawili wa kazini wako kwenye kikundi kinachofanya ibada za Mfalme Arthur, yule wa visa vya kale vya Uingereza, na Graili, chombo kitakatifu cha visa hivyo, na wamenialika wikiendi moja karibu na Glastonbury. Wamenipangia nafasi ya mbeba kikombe, upande wa magharibi. Wanasema ibada hiyo imerithiwa tangu enzi za Arthur. Ni kweli? Hufanywa vipi hasa, nijiandae na nini, na mambo huharibikia wapi?

Jibu: Dada, suala la umri tulimalize kwanza maana jibu lake ni fupi: si kweli. Visa ni vya kale, ibada ni ya juzi. Geoffrey wa Monmouth aliandika habari za Arthur kwa Kilatini karibu mwaka 1136. Meza ya Duara, ya Arthur na mashujaa wake, iliingia mwaka 1155 kwa kalamu ya mshairi Wace. Graili haikuwamo kwenye visa vya Arthur mpaka Chrétien de Troyes, Mfaransa, alipotunga kisa cha Perceval mwishoni mwa karne ya 12, akakiacha bila kukimaliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha maelekezo ya ibada ya kufanywa chumbani. Walitunga visa vya kusomwa kwenye majumba ya wakubwa.

Mtambo wa ibada ulitoka Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Kwao ndiko zilikotoka pande nne zenye malaika wake, maofisa wenye vyeo, na mazoezi ya kujenga picha akilini mpaka ishike. Mwanachama wao mmoja, A. E. Waite, alishikilia kwamba vikombe, panga, fimbo na sarafu za karata za taroti, zile za kubashiria, zinalingana na hazina nne za visa vya Graili: kikombe, upanga, mkuki na sahani. Mwaka 1920 Jessie Weston akadai kuwa visa hivyo ni mabaki ya ibada ya kale ya rutuba. Wanazuoni walishaliweka kando dai hilo, lakini vikundi vingi bado vinalitegemea. Halafu akaja Dion Fortune, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Violet Firth (1890–1946), aliyekuwa na makazi chini ya kilima cha Tor palepale Glastonbury. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliwaandikia wafuasi wake barua, wakae kwenye tafakuri wakati mmoja kila Jumapili, kila mtu alipo, na katika tafakuri hizo picha za Arthur, mwaguzi wake Merlin na Graili zikachukua nafasi kubwa. Waliomfuata, hasa Gareth Knight (1930–2022), wakaifanya kuwa kazi ya vikundi vya wikiendi. Kikundi cha wenzako, wajue wasijue, kwa uwezekano mkubwa kinakunywa kwenye kisima hicho. Anayekuambia mnyororo haujakatika tangu karne ya 6, enzi anazodhaniwa kuwa za Arthur, ama hajasoma, ama ana kitu anauza.

Na Glastonbury yenyewe? Abasia, nyumba ya watawa ya hapo, iliungua mwaka 1184, na mwaka 1191 watawa wakatangaza kwamba wamefukua kaburi la Arthur na mkewe Guinevere. Wanahistoria wengi huona hapo mkono wa watu waliohitaji mahujaji na fedha za ujenzi. Mahali hapo ni pazuri hata hivyo.

Sasa kisa, maana bila kisa hutaelewa kwa nini unabeba kikombe. Perceval, kijana aliyelelewa msituni, anafika kwenye ngome ya Mfalme Mvuvi, mtu aliyejeruhiwa asiyeweza kusimama. Wakiwa wamekaa ukumbini anapita kijana na mkuki mweupe unaochuruzika tone la damu. Nyuma yake wanakuja wawili na vinara vya dhahabu, kisha msichana na graili inayong'aa kuliko mishumaa, kisha mwingine na sahani ya fedha. Perceval anatamani kuuliza, lakini mwalimu wake alimwonya asiwe msemaji sana, basi ananyamaza. Asubuhi ngome iko tupu. Baadaye anaambiwa kwamba angeuliza, mfalme angepona. Swali lenyewe kwa Chrétien ni kuhusu nani anayehudumiwa kwa graili ile, na kwa nini mkuki unatoa damu. Kwa Mjerumani Wolfram von Eschenbach, aliyekitunga kisa upya mwanzoni mwa karne ya 13, mfalme ni kaka wa mama yake kijana, na swali linakuwa la kibinadamu kabisa: mjomba, unaumwa nini?

Hapo ndipo penye bawaba ya ibada nzima. Upanga, kanzu, ubani na majina ya malaika ni maandalizi ya swali moja litakaloulizwa na mtu anayetaka kweli kujua jibu lake. Ukipewa maandishi ya ibada usome kwanza sehemu hiyo. Ukikuta swali limeandikwa, jibu limeandikwa, na kati yake hakuna hata dakika moja ya kimya, utakachoenda kushuhudia ni maigizo. Yanaweza kuwa mazuri, lakini ni maigizo.

Chumba cha mita 4 kwa 5 kinatosha watu saba hadi tisa. Katikati kuna madhabahu, kwa kawaida meza ndogo ya urefu wa kiuno yenye taa moja. Pande nne zina viti vinne vya maofisa, na kila upande una mshumaa wake na hazina yake. Kwa mpangilio wa Golden Dawn, mashariki ni hewa, upanga na Rafaeli. Kusini ni moto, mkuki na Mikaeli. Magharibi ni maji, kikombe na Jibrili. Kaskazini ni ardhi, sahani au jiwe, na Urieli. Vikundi vingine hubadilishana upanga na mkuki. Waulize wenzako wanafuata upi kabla hujafika, maana ofisa wa mashariki anayejenga picha ya moto huku wenzake wanajenga picha ya upepo huvuruga chumba kizima, na hakuna atakayejua kwa nini mambo yamepoa. (Mpangilio huu ulitungwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambako jua la adhuhuri liko kusini. Ukiufanyia Mbeya, sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri liko kaskazini. Waaustralia wanaofanya ibada za namna hii wameubishania sana mpango huo.)

Mbali na wanne hao kuna msimuliaji, ambaye mara nyingi hushika nafasi ya Merlin, kuna anayekaa kiti cha mfalme aliyejeruhiwa, na kuna muulizaji. Wengine hukaa mduara na kazi yao ni kushikilia picha.

Mwendo wenyewe, kwa jumla dakika 75 hadi 90, huwa hivi. Watu hukaa kimya dakika kumi wakilegeza mwili kuanzia miguuni. Ofisa wa mashariki hufungua kwa kusafisha chumba: huchora alama ya nyota ya ncha tano hewani kila upande, akizunguka kufuata mwendo wa saa. Kila ofisa huita upande wake. Kiongozi hutamka kusudi la kazi kwa sentensi moja, na sentensi moja maana yake ni moja. Makusudi matatu kwa jioni moja ni sawa na kutokuwa na kusudi. Kisha msimuliaji huwaongoza wote, macho yakiwa yamefumbwa, kutoka chumbani hadi kando ya maji, kwenye mashua, kwenye lango la ngome, mpaka ukumbini. Hii huchukua dakika 20 hadi 30. Wakishafika ukumbini maofisa hufumbua macho na msafara wa hazina huanza kwa miguu: mkuki, taa, kikombe, sahani. Upanga mara nyingi hubaki mashariki kama mlinzi. Msafara ukisimama mbele ya mfalme, swali huulizwa. Kimya. Kikombe huzunguka. Safari hurudi kwa njia ileile kinyumenyume, na pande hufungwa kwa kinyume vilevile: kaskazini, magharibi, kusini, mashariki.

Kazi yako ya magharibi ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni wito. Sentensi zako zitakuwa mbili hadi nne. Zihifadhi kichwani, usizisome kwenye karatasi, maana jicho linalosoma haliwezi kujenga picha. Picha ya kawaida ni maji mapana wakati wa machweo, na Jibrili amesimama juu yake kwa vazi la buluu. Geuka magharibi, vuta pumzi tatu, ione picha, ndipo useme. Waanziaji husema kwanza na kutafuta picha baadaye. Kwa juma moja kabla ya siku, kaa dakika kumi kila siku na picha hiyo peke yake, halafu uifute kwa makusudi kabla ya kuinuka. Kufuta ni sehemu ya zoezi.

Ya pili ni kubeba. Kikombe kijazwe theluthi moja tu. Cha mililita 200 hakihitaji zaidi ya 70. Kishike kwa mikono miwili kwenye kimo cha kifua, viwiko vikigusa mbavu. Wapo watakaokuambia uinue juu ya kichwa kwa sababu inapendeza. Baada ya dakika moja mikono itaanza kutetemeka na fikra zako zote zitahamia kwenye mabega. Tembea hatua moja kwa pumzi moja, macho yako juu ya uso wa maji, si juu ya nyuso za watu. Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mfalme. Muulizaji akichelewa, usimwokoe. Usikohoe kumkumbusha, usisogee. Kuchelewa kwake huenda ndiko kitu chenye ukweli zaidi jioni nzima.

Ya tatu ni kuzungusha. Unampa kila mtu, anakunywa kidogo, unafuta ukingo kwa kitambaa safi na kugeuza kikombe robo kabla ya anayefuata. Kama kuna mwenye mafua, kila mtu apewe kikombe chake kidogo na wewe umimine. Ibada haipungui chochote. Na haihitaji divai. Maji ya kisima au ya zabibu hutumika mara nyingi, ila waambie mapema, maana jambo hili likijadiliwa mbele ya madhabahu linaua kila kitu.

Vaa pamba, mikono ya nguo isining'inie. Kanzu ya poliesta karibu na mshumaa ni hatari. Kula chakula chepesi saa mbili kabla. Ubani watakaochoma ni uleule wa Somalia na Oman tuliouzoea, lakini Waingereza wengi hawajui kuuchoma, basi huenda ukasaidia: mchanga wa sentimita tatu ndani ya chetezo, kipande kimoja cha makaa ya duara kishikwe kwa koleo na kuachwa mpaka kivae majivu ya kijivu, kisha punje tatu au nne za ubani, basi. Wao humwaga kijiko kizima kwenye kaa ambalo halijashika, chumba kinajaa moshi mchungu, msimuliaji anapaliwa, na king'ora cha moshi kinalia palepale mfalme anapotaka kupona. Dirisha liachwe wazi upana wa kiganja, kwa sababu makaa hutoa gesi ya sumu ndani ya nyumba. King'ora kisizimwe.

Makosa makubwa lakini si ya moshi. La kwanza ni msimuliaji anayekimbia au anayejaza maelezo. Ukisikia rangi ya kila jiwe la ngome, akili yako haina kilichobaki cha kujenga, inachoka, inalala. Msimuliaji mzuri hutoa picha moja kwa maneno machache, kisha hunyamaza pumzi tano. Dion Fortune na waliomfuata hawakuuvumbua ufundi huu; Ignatius wa Loyola alikuwa akiwafundisha watu kuingia ndani ya kisa cha Injili kwa njia hiyo katika karne ya 16.

La pili ni la nafasi kung'ang'ania. Ukiigiza mara nyingi mahaba ya Lancelot, shujaa wa Arthur, na Guinevere pamoja na mtu yuleyule, kwa hisia zilizokolezwa na kimya, giza na ubani, hisia zile hazitaulizana kama ni za kisa au zenu. Zitamkaa mtu. Vikundi vyenye busara hubadilishana nafasi kila mara, havipangi pembetatu ile kwa watu wenye ndoa zao, na vina desturi ya kuvua: kila mtu anavua vazi, anataja jina lake la kawaida kwa sauti, ananawa mikono, anakula kitu cha chumvi, anaandika nusu ukurasa wa aliyoyaona, ndipo maongezi yaanze. Ukiona watu wanaendelea kuitana Merlin na Bibi wa Ziwa hadi kifungua kinywa cha Jumapili, jua hawafungi vizuri. Dalili za kazi isiyofungwa ni usingizi kukataa, kuchekacheka ovyo au hasira isiyo na sababu, na picha kujirudia zenyewe mchana. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: chakula kizito, kutembea, kufanya kazi ya mikono, na kutogusa mazoezi hayo kwa juma mbili.

La tatu ni ufunuo kugeuzwa amri. Mtu ataona kitu kwenye kimya kile, aseme Graili imemwambia kwamba fulani aache kazi au atoe fedha. Kilichoonwa na mmoja ni chake, na hakimfungi mwingine. Kiongozi asiyeliweka hilo wazi mapema anaacha mlango wa kutawala watu.

Kuna pia Kiti cha Hatari, kile kisicho na mwenyewe kwenye Meza ya Duara, ambacho kwenye visa asiyestahili akikikalia huangamia. Vikundi vingine humkalisha mgeni hapo kama utani au mtihani. Kataa. Kiti hicho huachwa wazi.

Aliyewahi kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti au kuona mambo asishiriki, na kiongozi anayesema Graili itamponya akimbiwe. Mwenye kifafa kisichotulia na mwenye pumu wafikirie mwanga unaochezacheza na moshi. Aliyefiwa hivi karibuni naye angoje. Kisa cha mfalme anayeumwa humchimba mtu kuliko anavyotarajia.

Kuhusu dini, nitasema wazi. Huu si ulozi: harogwi mtu, hakuna hirizi wala kafara. Lakini si tamthilia pia. Malaika huitwa kwa majina kwa nia ya kuwaita, na kikombe kinabeba maana ya kikombe cha Karamu ya Mwisho tangu Robert de Boron alipokiunganisha na Yesu karibu mwaka 1200. Muislamu au Mkristo anayeona wito wa namna hiyo haufai asijifariji kwamba amevaa tu vazi la mchezo. Unaweza kuomba kukaa kwenye mduara bila nafasi yoyote, au kusoma maandishi na kutokwenda. Yote mawili ni majibu ya heshima.

Ukiamua kwenda, waandikie wiki moja kabla. Omba maandishi kamili. Uliza nani hufunga na hufungaje. Jibu la "tutaona siku hiyo" halitoshi. Uliza utaratibu wa kutoka katikati, maana kikundi makini kinao: unamwashiria mlinzi wa mlango, unataja jina lako kimoyomoyo, unatoka, na mtu mmoja anakufuata kukaa nawe. Uliza gharama, kuchangia nyumba na chakula ni haki, kulipia daraja au cheo ni jambo jingine. Siri ya yale wenzako waliyosema ndani ni adabu. Siri ya wewe kuwa pale, ifichwe mumeo au ndugu zako, haina sababu nzuri. Na kama ni gari lako litakalobeba upanga, ujue sheria ya Uingereza inakataza kuwa na makali hadharani bila sababu ya kueleweka: ufungwe, uwekwe kwenye buti, au bora utumike wa mbao.

Mwisho ukikague kikombe chenyewe. Cha shaba kisichopakwa bati ndani humenyuka na kinywaji chenye uchachu, na vile vya zamani vya bati vinavyouzwa kwenye maduka ya vitu vikuukuu vinaweza kuwa na risasi. Ukiwa na shaka, beba bakuli la kauri la kulia chakula. Wakinung'unika kwamba Graili ni kikombe, waambie wamsome Chrétien tena: alichobeba msichana wake ni chombo kipana cha kupakulia chakula mezani.